Deksa inajaza mashavu, inakula mapaja: yanayotokea ndani ya msuli

Mkunanazi (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Bandiko ni refu, mwenye haraka apite, atalikuta jioni.

Binti wa shangazi yangu alikuja nyumbani Tanga siku tatu kabla ya Idi. Miezi minane hatujaonana. Kushuka tu kwenye boda, wanawake wa nyumba nzima vigelegele: "Mwanangu umejaa! Mji umekukubali!" Kweli uso ulikuwa mviringo, mashavu yanang'aa, nyuma ya shingo pametuna. Ila mimi kazi yangu ni fiziotherapia, macho yangu huwa yanaanzia miguuni. Nilimwona akipanda ngazi tatu za baraza, kila ngazi ashike nguzo. Nikanyamaza.

Jioni akakalia mbuzi kukuna nazi. Nazi mbili tu. Alipomaliza akataka kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena. Mwisho akageuka, akapiga magoti, mikono chini, akaanza kujipanda mwenyewe: kiganja kwenye goti, kiganja kwenye paja, mpaka akasimama. Ana miaka 26. Watu wakacheka, "unene mzigo jamani". Mimi nilipatwa na baridi. Kuinuka kwa namna ile kuna jina kabisa kwenye vitabu vyetu, kumeitwa kwa jina la daktari Mwingereza William Gowers. Maana yake misuli ya nyonga na mapaja imeishiwa nguvu.

Usiku nikamuuliza taratibu. Kusuka nywele je? "Mikono inachoka hewani, kaka. Siku hizi nasukwa tu." Kupanda daladala? "Konda ananivuta." Nikamwambia niletee unachomeza. Akatoa bahasha ya dawa kwenye pochi. Deksa (deksamethasoni) za nusu miligramu, mbili asubuhi, mbili jioni, kwa miezi yote minane. Aliuziwa mtaani kwao bila cheti cha daktari, akaambiwa ni "za kuongeza mwili".

Sasa ndiyo maana nimefungua uzi. Hiyo deksa haiongezi mwili. Inahamisha. Inatoa nyama mapajani na mabegani, inaweka mafuta na maji usoni, tumboni na nyuma ya shingo. Mkiona mtu "amejaa", nusu ya hadithi ni kwamba kuna mahali ameisha. Nitaeleza inavyofanyika, nipeni nafasi nichape.

Kibegani

Nimeshika siti ya mbele. Tiririka mkuu.

ChumaMzito

Subiri kwanza mkuu. Deksa si steroidi? Na steroidi si ndiyo wanayochoma wale wa gym ili misuli itoke? Hapo umenichanganya. Iweje steroidi ijenge msuli kwa huyu na ikule msuli kwa yule?

Mkunanazi

ChumaMzito, swali lako ndilo linalowapoteza wengi, hata wauzaji wa dawa. Steroidi ni jina la ukoo. Ni homoni zote zinazotengenezwa kutokana na kolesteroli, zote zina zile pete nne za kaboni. Ndani ya ukoo huo kuna ndugu wasiosalimiana. Upande mmoja yuko testosteroni na wenzake, hao ndio wajenzi. Upande mwingine yuko kotisoli, inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, pamoja na dawa za kuiga kazi yake: prednisoloni, deksa, triamsinoloni. Hao ndio wabomoaji. Duka likikuambia "hii ni steroidi", bado hujaambiwa kitu.

Nianze na ubomoaji wenyewe, maana watu wanadhani msuli ni kama ukuta, ukishajengwa umejengwa. Msuli ni paa la makuti. Kila siku kuna kuti bovu linachomolewa na kuti jipya linapachikwa. Anayechomoa na anayepachika wakienda sawa, paa liko palepale na wewe huoni kitu. Ukienda gym, ukala vizuri, mpachikaji anamzidi mchomoaji kidogo. Ukiugua, ukilala kitandani, ukifa njaa, mchomoaji anazidi.

Kotisoli inaingia hapo. Kwa kuwa inapenda mafuta, inapenya ukuta wa seli bila kubisha hodi. Ndani inakuta kipokezi kinaisubiri, wanashikana, wanaingia pamoja kwenye kiini na kuwasha jeni. Jeni hizo ndizo zinazotoa vimeng'enya vya kuweka alama kwenye protini za msuli ili zivunjwe. Viwili vinajulikana sana, MuRF1 na atrojini-1, vyote vilitangazwa mwaka 2001. Alama yenyewe ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Protini ikishapachikwa mlolongo wa yubikwitini inapelekwa kwenye proteasomu, kinu cha kusagia protini, inatoka vipandevipande. Waliofumbua habari ya hiyo alama, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Nobel ya kemia 2004.

Kibegani

Kwa hiyo ni kama ile X nyekundu kwenye nyumba zilizojengwa hifadhi ya barabara. Ukishachorwa X, subiri tingatinga.

Mkunanazi

Kibegani umeua. Naiba huo mfano. Ila kuna tofauti moja: tingatinga hili halina uwezo wa kuangusha nyumba nzima kwa mkupuo. Nyuzi za msuli zimefungamana sana, protini zake mbili kubwa, aktini na mayosini, zimeshikana kama mkeka. Lazima kwanza waje wengine wafungue bati na kuchomoa misumari, ndipo vipande vipate X na kupelekwa kinuni. Kotisoli inawaamsha wote hao.

Na haiishii kuongeza wabomoaji. Inawarudisha mafundi nyumbani. Ile njia ya ndani ya seli inayotoa amri ya kujenga, ambayo huamshwa na insulini na chakula cha protini, kotisoli inaikandamiza. Kwa hiyo dada yule hata angekula samaki na maharage kila mlo, sehemu kubwa isingefika mapajani.

Mbishi wa Kariakoo

Maneno mengi. Nani aliingia ndani ya msuli wa mtu akaona hayo makuti yakichomolewa? Mimi nina mwaka na nusu na hizo dawa kwa sababu ya viungo, nilishapimwa damu kile kimeng'enya cha misuli, majibu safi kabisa. Acheni kutishana.

Mkunanazi

Mkuu Mbishi, umeuliza mawili, yote ya maana.

La kwanza, hakuna haja ya kuingia, vifusi vinatoka kwenye mkojo. Aktini na mayosini zina asidi amino moja (asidi amino ni tofali la kujengea protini) iliyowekewa alama ya kipekee baada ya kujengwa, inaitwa 3-methilihistidini. Protini ikivunjwa, asidi amino nyingine zinaweza kutumika tena, hii haiwezi. Inatolewa nje. Ukiikusanya kwenye mkojo unapata picha ya kiasi kilichobomolewa. Sharti mtu asiguse nyama siku kadhaa kabla, la sivyo utakuwa unapima misuli ya ng'ombe aliyemla. Na huko nyuma zaidi, mwaka 1969, Alfred Goldberg wa Harvard alionyesha kwa panya kwamba kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli, inapunguza ujenzi na kuongeza uvunjaji wa protini kwenye msuli. Si jambo la jana.

La pili ndilo la hatari. Kile kipimo cha damu, CK, hupanda seli za msuli zinapopasuka na kumwaga vilivyomo. Deksa haipasui seli, inazipunguza kutoka ndani. Nyumba inabomolewa chumba kwa chumba huku mlango wa mbele umefungwa, jirani haoni vumbi. Ndiyo maana msuli ulioliwa na dawa hizi mara nyingi CK yake iko kawaida, hata maumivu hakuna. Mtu anaona tu ngazi zimekuwa ndefu.

Hebu fanya hivi leo. Tafuta kiti cha kawaida kisicho na mikono. Kunja mikono kifuani. Inuka usimame wima, kaa, mara tano mfululizo, mtu akushikie saa. Hata wazee wetu tunataka wamalize ndani ya sekunde 15. Urudi na majibu hapahapa.

Mbishi wa Kariakoo

Sina muda wa michezo ya watoto.

ChumaMzito

Hahaha. Sasa turudi kwa ndugu wa upande wa pili. Testosteroni inajengaje?

Mkunanazi

Nani hapa amefuga ng'ombe? Tazama dume na maksai, ndugu wa baba na mama mmoja, malisho mamoja. Dume lina shingo kama gogo la mwembe. Maksai aliyehasiwa mapema shingo yake ni ya jike. Hapo huna haja ya maabara.

Kwa binadamu kuna utafiti wa 1996 wa Shalender Bhasin na wenzake, wanaume 43, wengine wakipewa miligramu 600 za testosteroni kila wiki kwa wiki 10, wengine dawa bandia, nusu wakifanya mazoezi nusu hapana. Waliochomwa bila kunyanyua hata kilo moja waliongezeka msuli. Waliochomwa na kunyanyua waliongezeka zaidi ya wote. Testosteroni inawasha ujenzi, inaamsha seli akiba zilizolala pembeni ya nyuzi za msuli, na inafanya asidi amino zilizotoka kwenye makuti ya zamani zirudi kupachikwa badala ya kupotea. Kwa hiyo inaokoa kuliko inavyoleta kutoka nje. Upo pia ushahidi kwamba inaizuia kotisoli isifanye kazi yake sawasawa ndani ya msuli, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani na kwa njia ipi.

Na kabla hujaniuliza bei: ukiichoma kutoka nje, korodani zinaambiwa kazi imekwisha, zinasinyaa, mbegu zinaweza kupotea kabisa kwa muda. Kolesteroli nzuri inashuka. Moyo nao ni msuli, unanenepa pabaya. Mkimbiaji Ben Johnson wa Kanada alivuliwa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988 kwa stanozololi, dawa ya upande huohuo wa wajenzi, lakini yule alikuwa na madaktari wa kumwangalia. Wewe una nani? Yule wa kaunta ya protini?

ChumaMzito

Mkuu umenishika pabaya. Nimepita.

Kipkatui

Habari zenu majirani, mimi niko Iten, Kenya. Mmetaja triamsinoloni nikashtuka, maana huku hiyo jina inajulikana sana. Mwaka 2022 AIU, kile kitengo cha uadilifu cha riadha, ilisema Wakenya kumi walipatikana nayo kwa muda mfupi, na bingwa wa wanawake wa Boston Marathon 2021 alinyang'anywa taji kwa ajili yake. Sasa mwalimu, kama hii kitu inakula misuli, mbona mkimbiaji aitafute? Si anajimaliza?

Mkunanazi

Karibu sana ndugu Kipkatui. Swali zuri kuliko yote mpaka sasa.

Kwanza, mkimbiaji wa masafa marefu hataki uzito. Kila kilo anaibeba kilomita 42. Dawa hii inazima maumivu na uvimbe, inampa mtu hali ya kuchangamka, na wanaoitumia vibaya wanaisaka pia kwa kupunguza uzito. Ndiyo maana WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, imeipiga marufuku wakati wa mashindano, na tangu Januari 2022 sindano za aina hii zote zimo kwenye marufuku hiyo, hata ya kwenye goti.

Pili, kuna siri ya nyuzi. Fikiria kuku. Kidari cheupe, paja jeusi. Nyuzi nyeupe ni za nguvu za ghafla, zinachoka upesi. Zile nyeusi ni za kazi ndefu. Sisi zetu zimechanganyika ndani ya msuli mmoja, lakini zipo hizohizo mbili. Kotisoli inazila zaidi nyuzi za nguvu za ghafla, zile za kuinukia na kupandia ngazi. Zile za kukimbilia saa mbili inazigusa kidogo. Kwa hiyo mkimbiaji wa marathoni anaweza kudanganyika kwa muda kwamba hajapoteza kitu, wakati mnyanyua vyuma angejua mapema.

Na hapo utaelewa dada yetu: aliweza kutembea sokoni mchana kutwa, ila kuinuka kwenye mbuzi hakuweza.

MamaZainabu

Mie nasoma huku natetemeka. Mwanangu ana pumu, anavuta ile ya kahawia ya kuzuia, nimesikia ni steroidi hiyohiyo. Nimwachishe?

Mfamasia_Mstaafu

Mama, usimwachishe. Niruhusu mwenye uzi nijibu hili, nimekaa dirisha la dawa miaka mingi.

Ile ya kuvuta hupimwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za elfu za miligramu, na inakwenda mapafuni moja kwa moja. Si sawa na kidonge cha kila siku. Pumu isiyozuiwa inaua. Asukutue mdomo akimaliza kuvuta, na maswali mengine mpelekee daktari wake.

Sasa kwa wote. Mnavyoisema deksa hapa mtu anaweza kuona ni sumu. Hizi dawa zimeokoa watu. Mwaka 1948 kule Mayo Clinic mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi alipewa kotisoni, mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza akatembea ndani ya siku chache. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha deksa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye oksijeni na mashine. Kasoro haiko kwenye dawa. Iko kwenye kipimo, muda, na nani ameandika.

Nipige hesabu ya yule binti. Deksa ina nguvu ambayo watu hawaijui: 0.75 tu ni sawa na prednisoloni 5, au haidrokotisoni (kotisoli yenyewe kwa jina la dawa) 20. Yeye alimeza miligramu 2 kwa siku. Hiyo ni kama predni 13, au haidrokotisoni 53. Mwili wa mtu mzima wenyewe hutengeneza kotisoli kama miligramu 10 mpaka 20 kwa siku. Halafu deksa ina kikorombwezo kingine kwenye umbo lake, florini, na dawa za jamii hiyo zimejulikana tangu zamani kwa kulegeza misuli kuliko predni.

Na hili nawaomba mlisome mara mbili. Msiache ghafla. Ukimeza kotisoli ya kuigiza kwa miezi, tezi zako zinalala usingizi mzito. Ukikatisha leo, kesho ukapata malaria au ajali, mwili unaitisha kotisoli na hakuna. Presha inaanguka, sukari inaanguka, mtu anakufa akitapika. Dawa inapunguzwa hatua kwa hatua na daktari.

Mkunanazi

Mzee, ahsante. Umenisaidia kuliko unavyojua.

Niongeze kitu kimoja kuhusu mapaja yanakokwenda, maana nyama haipotei hewani. Asidi amino zinazochomolewa kwenye msuli, hasa alanini na glutamini, zinapelekwa na damu. Alanini inafika ini, ini linaigeuza sukari. Hii ni kazi halali kabisa ukiwa na njaa ya siku nyingi au jeraha kubwa, mwili unauza mabati ili ubongo ule. Deksa inauza mabati hali ya kuwa chakula kimejaa jikoni. Sukari inapanda, insulini inapanda kuifuata, mafuta yanawekwa tumboni na mashavuni. Yule binti tulipompima sukari ilikuwa 11 kabla ya kunywa chai. Paja lake limegeuzwa sukari, wakuu.

Kibegani

Na kufunga Ramadhani je? Si ni njaa pia? Nisije nikawa nauza mabati.

Mkunanazi

Funga swaumu yako kwa raha. Kuanzia daku mpaka futari ini linatoa akiba yake lenyewe, na kotisoli ya kawaida ina insulini ya kuishika shati. Ukifuturu unapachika makuti.

Kipkatui

Na mazoezi? Mtu aliyeandikiwa na daktari, hana la kufanya?

Mkunanazi

Analo. Ule mwaka wa 1969 Goldberg na mwenzake walionyesha pia kwamba msuli wa panya unaofanyishwa kazi hauliwi na kotisoni kama ule uliotulia. Baadaye wagonjwa waliopandikizwa moyo, ambao predni hawana budi nayo, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito wakarudisha misuli waliyopoteza. Kutembea tu hakutoshi, maana nyuzi zinazoliwa si za kutembea. Ni kuinuka kitini, kupanda ngazi, kusukuma ukuta, kubeba.

*Wiki sita baadaye*

Mkunanazi

Wakuu, mrejesho kwa walioniuliza pembeni. Tulimpeleka hospitali, daktari akampangia kushuka kidogokidogo, bado hajamaliza. Uso umeanza kurudi. Kila asubuhi anainuka kitini mara kumi, mara tatu, mimi nikimhesabia kwa simu. Juzi amekuna nazi moja, akainuka kwa kushika fremu ya mlango, mkono mmoja. Nguvu za mapaja zitachukua miezi, nimemwambia wazi.

Shangazi hasemi na mimi. Anasema mtoto alikuja amejaa, nimemkondesha.

Mbishi wa Kariakoo

Mkunanazi, nimekutumia ujumbe pembeni. Kile kiti nilikifanya. Mara ya tatu nilishika meza.

Mkunanazi

Nimeuona, nimekujibu. Kesho nenda hospitali, ubebe vidonge vyote umwonyeshe daktari, yeye ndiye atakayepanga lini upimwe kotisoli. Usiku wa leo meza kama kawaida yako.